Betri tatu za mzee Makete, na baridi ya Ontario iliyoniumbua

Kila mwaka ikifika mwezi wa sita mwishoni au wa saba napigiwa simu ileile kutoka nyumbani Matamba, Makete. Dogo anaanza na salamu ndefu, anaulizia watoto, anamuulizia shemeji yake, salamu zikizidi najua tu betri ya sola ya mzee imekufa. Miaka minne, betri tatu za maji saizi ya N100, kila moja laki tatu na kitu, na mimi huku Kanada nahudumia wazee zamu za usiku, hela siokoti. Nikaanza kumuwazia vibaya. Nikajiaminisha kabisa anachajia watu simu mia tatu mia tatu, jioni anawawashia vijana mpira, ikichoka si dada yupo atatuma. Mbaya zaidi Krismasi nikienda nakuta umeme freshi, tv mpaka saa sita usiku, sasa inakuaje mwezi wa saba ife? Nikamwambia hivyohivyo kwenye simu, mama akiwa pembeni anasikia. Akakaa kimya, afu akasema sawa dada.

Sasa sisi huku tulihama mjini. Mume wangu ni mtu wa Tukuyu, anataka eneo afuge kuku, tukapata nyumba ndani ya msitu upande wa Bancroft, Ontario, bei imeshuka kwa sababu moja tu, haina umeme wa gridi na kuvuta nguzo mpaka pale ni hela ndefu. Tulikuta paneli nne za wati 300 juu ya paa na betri moja ya lithiamu ya uniti 5. Majira ya joto tulikula raha, saa nne asubuhi betri imeshajaa tunabaki kutafuta cha kuwasha.

Ukaja mwezi wa kumi na moja. Aisee. Jua la huku kipindi kile linachungulia tu, Desemba saa sita mchana lipo nyuzi kama 21 hivi juu ya ardhi, mti wa mita 15 unatupa kivuli karibu mita 40, na sisi tumezungukwa na misonobari pande zote. Friji, pampu ya kisima, taa na intaneti vinakula uniti 3 kwa siku, na hapo tunapikia gesi na joto ni la jiko la kuni. Paneli zinaingiza nusu uniti. Mawingu wiki nzima.

Tukafanya kile ambacho dogo alikua anafanya kila mwaka, tukanunua betri. Betri ya pili uniti 5, hela ya miezi kadhaa ya zamu zangu za usiku. Ilitupa siku mbili za ziada basi, ya tatu giza, mume wangu nje anavuta kamba ya jenereta kope zimeganda, na jenereta lenyewe sasa lina betri mbili za kujaza badala ya moja. Usiku huo tumekaa mbele ya jiko ndio akasema, mama nanii, sisi tumeongeza simtanki lakini gata ni ileile na mvua hainyeshi. Nilicheka halafu nikaacha kucheka.

Januari tukanunua paneli sita. Hatukuziweka juu ya paa, tulizisimamisha chini kwenye fremu ya mbao mbali na miti, zimesimama karibu wima kama ubao wa darasani, theluji inateleza yenyewe na ule weupe wa chini unarudisha mwanga kidogo. Kuna mitego lakini. Paneli ikipata baridi volti zinapanda, tulitaka kuunga tatu kwa mstari mmoja, kila moja volti 46, jumla 138 na kontrola, kile kifaa kinachoichaji betri kutoka kwenye paneli, inabeba 150, tukaona tuko salama, kumbe kwenye baridi ya nyuzi hasi 25 ile jumla inavuka 155 na kontrola inakua kopo. Tukaunga mbilimbili. Na lithiamu haitakiwi kuchajiwa ikiwa chini ya sifuri, inaharibika moja kwa moja, kwahiyo betri zetu zinaishi ndani karibu na jiko kama bibi mgonjwa.

Zamu moja ya usiku wazee wamelala ndio dogo akanijia kichwani. Nikamwambia asubuhi nipigie picha ya paneli ya mzee. Paneli moja, wati 100, fundi aliifunga upande wa bati unaotazama barabara, yaani kusini. Desemba haina neno maana jua linapita upande huo. Mwezi wa sita na wa saba jua lipo kaskazini, linaipiga paneli kwa mshazari na theluthi nzima ya nguvu inapotea, hapo ongeza ukungu wa Matamba unaogoma kuondoka mpaka saa tano, ongeza milingoti ya mzee, ile miti ya mikaratusi, ambayo mwaka ule paneli inafungwa ilikua inanifika kiunoni. Betri ya maji ikilala njaa kila siku, zile sahani zake za risasi zinaota chumvi mpaka haibebi tena. Hakuna mtu aliyeiua.

Julai nikaenda. Kupanda zile kona za mlimani za Hamsini na Saba kutoka Chimala ukungu umeshika, konda anachungulia dirishani kumuelekeza dereva. Kesho yake asubuhi nikapima betri, volti 11.4, imelala njaa kweli. Tukachimbia nguzo mbili nyuma ya banda la kuku, tukafunga paneli mbili za wati 150 zinatazama kaskazini, zimeinuliwa kidogo. Milingoti mitatu ikaanguka, mzee alinuna siku nzima. Nikiwa chini nimemshikia dogo ngazi nikamwambia kuhusu yale maneno ya kwenye simu, mimi nilikosea. Akasema dada shika ngazi vizuri. Baadae kidogo akasema kweli simu alikua anachajia, ya mwalimu na ya katekista, bure.

Tokea hapo ananitumia picha ya mita kila asubuhi, 12.6, 12.7, hata siku za ukungu haishuki sana. Wiki iliyopita akaniuliza na nyie huko mna ngapi. Siku ya tano hiyo mawingu hayajaachia hata kidogo, nikampigia picha yetu, asilimia 18. Ujumbe umesomwa, kimya kama dakika kumi hivi, afu akajibu:

"Dada nikutumie hela ya betri?"