Acha hapo, dereva

Nimeamka saa kumi za usiku na lile neno tena. Baba Watoto amelala upande wa dirisha, mkono wake wa kulia umetulia kama wa mtoto, maana akiwa usingizini hautetemeki hata kidogo. Nikautazama kwa muda. Kisha nikajifunga kanga, nikachemsha chai ya tangawizi, nikakaa mezani kuandika, kwa sababu toka Jumatatu nalibeba neno moja na sijapata pa kulitua.

Jumatatu tulihama Quartzsite kuja Tucson, yote hapa hapa Arizona, Marekani, maili kama 240, na mimi ndiye niliyeshika usukani mwanzo hadi mwisho. Hilo si geni, toka Novemba tunagawana njia. Geni ni la mwisho wa safari. Hapa Catalina, chini ya milima, tulipewa nafasi ya kuingia kwa rivasi, vichaka vya miiba kulia, jiwe kubwa kushoto. Nikasimamisha pikapu nikangoja abadilishe kiti, kama siku zote. Kuingiza karavani ni kazi yake. Akafungua mlango, akashuka taratibu, akachukua redio moja ya mkononi na nyingine akaniachia juu ya dashibodi. Akaenda nyuma.

"Rudi," redio ikasema. "Rudi. Kata kulia kidogo. Nyoosha. Rudi, rudi."

Nikashika usukani kwa chini, kama alivyonifundisha: mkono ukiwa chini, unakoupeleka ndiko mkia unakokwenda. Jasho likanitoka. Kisha kimya, kisha sauti kama ya mtu anayesemea ndani ya mto:

"Acha hapo, dereva."

Redio ikakwaruza, ikazima.

Wanaonisoma tangu tulipouza nyumba ya Columbus wanajua kwamba mimi jina langu njiani ni Tingo. Alinipa yeye, wiki ya kwanza. Alikuwa dereva wa malori ya Tunduma kabla hatujaoana, na mpaka leo akisimulia mlima wa Kitonga utaona utingo wake anatembea kwa miguu kando ya tairi, gogo mkononi, tayari kulitupa nyuma ya gurudumu lori likishindwa. Baadaye akaendesha malori ya huku miaka kumi na tisa. Tulipoanza maisha haya, mimi nikawa wa kusimama nyuma na kupiga kelele: rudi, kata, nyoosha. Miaka sita, majimbo thelathini na moja, sijawahi kuitwa dereva. Nilikuwa Tingo. Akinipenda sana ninakuwa Bibi Tingo.

Sasa, alilisema vipi? Hapo ndipo nilipokwama. Lilikuwa la utani, au sifa? Au lilikuwa la mtu anayekabidhi funguo za nyumba aliyokwisha kuiuza? Nimelirudia nikiosha vyombo, nimelirudia nikijaza maji tangini. Nililirudia hata kwenye chumba cha daktari, nikaambiwa jambo mara mbili. (Wiki hii hii mjukuu wa tatu amezaliwa Columbus, msichana, yeye na mama yake wazima, na daktari amepandisha vidonge kutoka mara nne hadi mara tano kwa siku. Nitayaandika vizuri siku nyingine.)

Zamani ningejua papo hapo. Mtu niliyeolewa naye alikuwa na sauti ya kuita ng'ambo ya mto, na uso wake haukuweza kuficha kitu: akitania, nyusi zinatangulia. Parkinson, ugonjwa huu wa kutetemeka, imeichukua ile sauti kidogo kidogo, mpaka watoto kwenye simu wananiuliza mimi, "Baba amesema nini?" Na uso umekaza. Nilifanya kazi miaka kumi na minne kwenye nyumba ya wazee, nikiwaosha na kuwalisha waume za watu wenye ugonjwa huu huu, na wake zao walipokuja nilikuwa nawaambia, "Uso usikudanganye, mama, ndani yuko vilevile." Ni kweli. Ila nililisema kwa wepesi mno. Sikujua kwamba mke atakwenda nyumbani na neno moja la mumewe na kuligeuza usiku kucha kama mtu anayetafuta tundu kwenye mpira wa baiskeli.

Jumapili, kabla ya kuondoka Quartzsite, tulipita kumuaga Haji Ali. Nilishaandika habari zake: mchunga ngamia aliyeletwa na jeshi la Marekani mwaka 1856, akafia huku mwaka 1902, na kwa kuwa jina liliwashinda kutamka wakamwita Hi Jolly. Kaburi lake ni piramidi ya mawe, juu kuna umbo la ngamia. Baba Watoto hapiti pale bila kumsomea Fatiha. Safari hii niliona midomo tu ikicheza. Upepo ulikuwa haupo, magari yalikuwa mbali, na bado sikusikia kitu. Nikaitikia Amina kwa kukisia mahali alipofika.

Basi mpaka Jumatano nilikuwa nimekwisha kujihukumia kesi. Nilikata shauri kwamba amejivua. Hakuniuliza, hakuniambia, ameshuka tu na kuniachia gari, na neno la kuagia likawa ni hilo. Nikakasirika, naandika ukweli. Kibali chetu cha kukaa na karavani jangwani kule Quartzsite tulikilipia dola 180, kinakwenda mpaka tarehe 15 Aprili. Tumekiacha kwa ajili ya daktari wake, na sikunung'unika. Lakini kukabidhiwa maisha yote kupitia redio, hapana.

Kwa hasira hizo nikapika maharage ya nazi mchana.

Mliozoea hapa mnajua kosa liko wapi. Maharage, nyama, samaki, mayai, vyote hivyo tumevihamishia usiku, maana protini inagombania njia na levodopa, vidonge vyake, na dawa inachelewa kufika kichwani. Mchana anakula wali na mboga, au viazi. Nalijua hilo kama ninavyoijua namba ya simu yangu. Nikampakulia, naye akala bila neno, pengine kwa sababu yalikuwa matamu. Saa tisa alitaka kutoka nje akakaa kivulini. Akainuka kwa shida, akafika katikati ya kitanda na mlango, miguu ikaganda. Magoti yanatetema, nyayo zimeshikwa na sakafu. Akanitazama.

Nikachukua ufagio nikaulaza mbele ya vidole vyake. Msioishi na ugonjwa huu mtaona ni uganga: hawezi kupiga hatua kwenye sakafu tupu, lakini ukimwekea kitu cha kuruka, anaruka. Akaruka. Nikaulaza tena, akaruka tena. Tukafika kwenye kiti cha nje hivyo hivyo, ufagio kwa ufagio, nami nalia kimyakimya kwa ajili ya yale maharage. Nikamwomba radhi. Akatikisa mkono kama anayefukuza nzi.

Hapo nikamwuliza. Sikupanga, lilitoka tu.

"Juzi, nilipokuwa naingiza gari. Uliniita dereva. Ulikuwa na maana gani?"

Siku hizi jibu lake linakuja kwa miguu. Nikangoja. Ndege mmoja alitua juu ya mdungusi wa saguaro, akaondoka, akarudi.

"Nani kasema dereva?"

"Wewe. Acha hapo, dereva."

Akafikiri. "Breki," akasema. "Nilisema breki. Lile jiwe ulikuwa unaligonga."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta wa karavani. Siku mbili nzima nimemnunia mtu kwa neno ambalo hakulisema! Uso wake haukubadilika, lakini mabega yakaanza kuruka, na mabega yale nayajua: kule si kutetemeka, kule ni kucheka. Tukakaa pale hadi jua likashuka na milima ikawa ya rangi ya waridi, na dawa ya saa kumi na moja ikamshika vizuri, akanyanyuka mwenyewe akaenda kulikagua jiwe. Akaninyooshea vidole viwili. Vidole viwili tu vilibaki.

Ilitosha kunipa usingizi, nami nililala vizuri usiku ule. Lakini jana na leo nimeamka nalo tena, na safari hii kwa sababu nyingine. Limeniponyoka. Nimeligombeza siku mbili, kumbe nilikuwa nimekwisha kulipokea. Nikiisikiliza tena ile redio kichwani, nasikia breki, halafu nasikia dereva, na masikio yangu yananivuta upande ule ule. Na kuna swali ambalo sikumwuliza, tulipokuwa tunacheka wala baadaye: kwa nini alishuka. Breki ni breki, sawa. Lakini aliyefungua mlango na kwenda nyuma ni yeye, tena bila kutazama usukani.

Hapa Tucson amepewa mazoezi ya sauti. Anatakiwa aandike sentensi kumi anazozitumia kila siku, azipige kwa sauti kubwa, kubwa kuliko anavyodhani inahitajika, maana masikioni mwake anajisikia kama anapiga kelele wakati sisi tunasikia mnong'ono. Mwalimu wake alitegemea labda "naomba maji", "nimechoka". Jana alfajiri nilikuwa nakunja shuka nikasikia nje: "Rudi! Rudi! Kata! Nyoosha!" Sauti haikufika ng'ambo ya mto, ila ilivuka barabara. Jirani wa karavani ya fedha alitoka na kikombe chake mkononi kutazama gari gani linarudi nyuma. Nikasimama mlangoni na shuka mkononi nikahesabu sentensi zote kumi.

Neno dereva halimo. Breki imo.

Jumatatu ijayo tunahama tena, na nafasi tuliyoweka ni ya rivasi. Nimenunua betri mpya za redio.

Kingine kinachoniweka macho ni ule mnazi wa kwetu Pongwe, nyuma ya jiko la marehemu mama. Mdogo wangu alinitumia picha Jumamosi, umeinamia paa la bati kabisa, na masika yako mlangoni. Nilimtumia hela ya mkataji siku ile ile. Toka Jumanne ujumbe wangu una tiki moja, na nikipiga simu inaita mpaka inakatika. Kwao sasa ni saa nane mchana. Ngoja nijaribu tena.