Ukiwa na Marfan, usinunue sipro kiholela

Marfan ni ugonjwa wa kurithi. Hitilafu kwenye jeni ya FBN1 hudhoofisha tishu zinazoshikilia mwili, na hatari kubwa iko kwenye aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni. Kila mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa asilimia 50 kuurithi, hivyo wapimwe wote, hata asiye mrefu kama walivyo wagonjwa wengi wa Marfan.

Eko ya moyo, yaani kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, hufanyika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili. Omba upana wa aota uandikwe kwa milimita, ulinganishe na wa mwaka uliopita. Ikikaribia 50, upasuaji hujadiliwa kabla haijachanika.

Kinachotutia hofu zaidi ni duka la dawa la mtaani. Sipro (ciprofloxacin), antibiotiki ya kundi la fluoroquinolone, hununuliwa kirahisi mno kwa UTI na taifodi, ilhali dawa za kundi hilo zinaweza kuongeza hatari ya aota kutanuka au kuchanika. Marekani ilitoa onyo mwaka 2018. Taja ugonjwa wako kwanza, kisha mwulize daktari dawa mbadala.

Atenolo, dawa ya presha wanayopewa wagonjwa wa Marfan, usiiache ghafla eti presha iko sawa: hapa kazi yake ni kupunguza kishindo cha damu kwenye ukuta wa aota. Mzigo mzito nao huongeza kishindo hicho, hivyo ndoo ya lita 20 usiipandishe ngazi. Maumivu makali ya ghafla kifuani au mgongoni, kama kitu kinachanika, ni hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane.