Basi ndiyo maana

Kuna mama kaniambia neno Jumamosi, na mpaka leo Alhamisi bado naligeuzageuza. Si tusi. Wala si lalamiko, maana malalamiko nimeyazoea. Mkuu wa shule ya bweni asiye na ngozi ngumu, wazazi watammaliza kabla baridi ya Njombe haijamfikia. Ni maneno matatu tu, akanyanyua kapu lake akaenda zake.

Barua yangu ya kila Septemba kwa wazazi mnaijua, nimeshawachosha nayo. Bodi inaipitia, makamu anawinda makosa ya tahajia kwa furaha asiyoificha, kisha inakwenda kwa njia mbili: kwenye makundi ya WhatsApp ya kila kidato, na kwa karatasi kwa wazazi wenye vitochi, zile simu za vibonyezo zisizo na WhatsApp. Za karatasi tunawakabidhi makondakta wa mabasi ya Makete na Ludewa.

Mambo ya mwaka huu yalikuwa yale yale. Maji yamerudi. Gesi imepanda bei. Tangu Serikali iagize taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa, mimi mwalimu wa Historia nazijua bei za mitungi kuliko ninavyokumbuka mwaka wa Majimaji. Chakula ni hesabu ile ya shilingi 1,500 kwa mwanafunzi kwa siku, ambayo mmeshanisikia nikiililia mara nyingi, basi leo nawapumzisha.

Aya niliyoitolea jasho ilikuwa ya moto. Hiyo sinakili ya mwaka jana, kila mwaka naiandika upya. Shule ya sekondari ya Shauritanga ilipoungua mwaka 1994 kule Kilimanjaro na wasichana zaidi ya 40 wakafa, mimi nilikuwa kidato cha pili, bweni, kitanda cha juu. Mwalimu wa zamu alitukusanya uwanjani usiku, akatuhesabu, akatuhesabu tena, bila kutuambia kwa nini. Miaka 15 baadaye ikawa Idodi, Iringa, hapa hapa jirani: wasichana 12. Kwa hiyo nimeandika bila kupamba: hakuna mshumaa, hakuna hita ya kuchemshia maji, na mzazi anayemfichia mwanawe simu ndani ya godoro ajue kwamba chaja nayo itafichwa humo humo. Nimeandika pia kwamba nondo za madirisha ya mabweni yote mawili ya zamani zimeng'olewa na milango sasa inafunguka kwa nje. Mzazi mmoja alishaniuliza kuhusu wezi. Mwizi anakimbizwa, bwana.

Aya hiyo haikujibiwa na mtu hata mmoja. Walichokiona wote ni mistari miwili ya mwisho: kuanzia Oktoba hadi mtihani wa Taifa uishe Novemba, kidato cha nne hawatembelewi.

Ndipo akaja huyu mama. Ametoka Makete na basi la alfajiri, barua kaikunja mara nne, kaibana kwenye pindo la kitenge. Tukasalimiana, kamwene, kamwene, akakataa kiti, kisha akakikalia nusu. Hakupandisha sauti hata kidogo.

"Mkuu, barua yako nimeisoma yote. Hili la kutowaona watoto ndilo lililonipandisha basi."

Nikamweleza. Kwamba kila akija mgeni mmoja, wasichana 20 wanasimama dirishani kuangalia kama ni wao. Kwamba habari za nyumbani, nani kaumwa, nani kagombana na nani, zinaingia na mtu kwenye chumba cha mtihani. Nimelieleza hilo mara nyingi kiasi kwamba naweza kulieleza nikiwa usingizini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaikunjua barua, akaikunja tena.

"Na wa kwako, Mkuu? Si nasikia naye yuko kidato cha nne?"

"Yuko, mama."

"Naye haonwi?"

"Wa kwangu sijamwona tangu Julai."

Akanitazama. Si kwa ubaya, ningeapa. Akasema, "Aa. Basi ndiyo maana." Akanyanyua kapu lake, akaniomba radhi kwa kunipotezea muda, akaenda kumwona binti yake wakati saa za kutembelea bado zipo. Dirishani niliwaona wamekaa chini ya mti wa parachichi, binti anakula kiazi kitamu kilichokwisha kupoa huku mama anamkagua nyuma ya masikio.

Ndiyo maana nini?

Wiki yenyewe haikuwa haba: wathibiti ubora wa shule wamekaa siku mbili, matokeo ya mtihani wa utamilifu wa mkoa, ile mock, yametoka na tumepanda, mgeni rasmi wa mahafali kaghairi halafu kakubali tena. Hayo yote nimeyapitia kichwa kikiwa ofisini Jumamosi. Mthibiti ananiuliza yako wapi maandalio ya somo ya Kemia, mimi najiuliza, ndiyo maana nini?

Ndiyo maana una moyo mgumu? Ndiyo maana unaweza kuandika sentensi kama ile bila mkono kutetemeka? Au ndiyo maana huoni tatizo, kwa kuwa wewe ulishazoea? Lipo na la upande mwingine: ndiyo maana sasa nakuelewa, kumbe tuko wote. Sauti yake ilikuwa ya chini na ingeweza kubeba lolote kati ya hayo.

Nikamuuliza matroni, kwa mzunguko, kama jambo la mtu mwingine. Yule mama mtu mzima hazunguki. "Alimaanisha ndiyo maana barua zako zina baridi, Mkuu. Mimi ningekuwa mzazi ningesema hivyo hivyo." Makamu alisema ni kauli ya kumalizia mazungumzo tu, watu wa huku ndivyo wanavyoaga, nisiifanyie uchambuzi kama shairi. Baba Kibibi, baba wa binti yangu, kwenye simu alicheka sana. "Ndiyo maana umekonda," akasema. Asante, mume wangu.

Mnaokuja hapa siku zote mnajua kwa nini Kibibi yuko Moshi na mimi niko huku. Nilihamishwa yeye akiwa kidato cha pili, akasema hahami, ana marafiki, ana mwalimu wake wa Hisabati. Tukakubaliana mimi na baba yake. Na Njombe hadi Moshi si safari ya kwenda Jumamosi ukarudi Jumapili na Jumatatu ukasimama paredi. Ningeweza kumwambia yule mama hayo yote. Lakini mtu akikuuliza kuhusu mwanao, huanzi kumtolea ratiba ya mabasi.

Sasa jana ndipo nilipopata dawa, na sikuitafuta. Barua ya shule ya Kibibi imeingia kwenye kundi la wazazi. Kurasa tatu! Mimi yangu haizidi mbili, makamu ni shahidi. "Wapendwa wazazi na walezi, ni matumaini yetu mu wazima wa afya." Nikaanza kuisoma kama mkuu, kalamu nyekundu kichwani: hapa kajirudia, hapa takwimu haina kazi, hapa kamwogopa mwenyekiti wa bodi. Nilipofika nusu ya ukurasa wa kwanza kalamu ilishadondoka. Nikairuka maji, nikairuka ada, nikairuka ujenzi wa bwalo, na samahani, nikairuka hata aya ya moto. Nilikuwa natafuta kidato cha nne. Nikakuta mstari mmoja: "Wanafunzi wa kidato cha nne wanaendelea vizuri na maandalizi, isipokuwa wachache wenye mafua ya msimu."

Wachache akina nani?

Chini kulikuwa na picha ya bwalo wakati wa chakula cha mchana. Vichwa vyote vimenyolewa, masweta yote ya kijani, sahani zote za bati. Nikaivuta kwa vidole mpaka ikawa madoadoa. Meza ya tatu kutoka mlangoni, kwa nyuma, kuna sikio la kushoto limechomoza. Hilo sikio nimelizaa mimi, ni la bibi yake mzaa baba, halina mfano wake Tanzania nzima. Kijiko kiko hewani. Sahanini kuna maharage, na pembeni kitu cha njano ambacho kinaweza kuwa ndizi au kinaweza kuwa kipande cha sabuni.

Nikaandika kwenye kundi, mimi, mkuu wa shule wa miaka tisa: "Asante Mkuu kwa taarifa nzuri. Naomba kuuliza, je, watoto wanapata matunda?" Mwenzangu akanijibu kwa kile kikatuni cha mikono miwili iliyoshikana. Basi! Baada yangu baba mmoja akauliza kama mafua hayo ni ya kawaida, akapata mikono miwili. Mama mwingine akauliza kwa nini picha haikuonyesha meza za dirishani, naye akapata mikono. Nimecheka peke yangu jikoni mpaka maji ya chai yakakauka. Kikatuni hicho hicho mimi nilikituma kwa wazazi wangu Ijumaa, na nilikiona jibu kamili na la heshima.

Mstari wa kutotembelea siufuti, nawaambia mapema msinijie. Mtihani ni mtihani. Ila nimemwomba matroni kila Jumapili apige picha bwaloni, meza zote, za dirishani zikiwemo, kwa karibu, na nakala zichapwe kwa wale wa vitochi, hata zikitoka nyeusi. Kanijibu wino wa printa nitanunua mimi. Sawa.

Yule mama, Mungu akipenda, tutaonana naye kwenye mahafali. Sidhani kama nitamuuliza.

Kinachonikosesha usingizi usiku huu ni kingine kabisa. Mama yangu kijijini kapoteza laini yake ya simu mnadani, na namba aliyoandikishia mbolea ya ruzuku ni hiyo hiyo. Kaka kampeleka kwenye kibanda kuirudisha, mashine ikakataa alama za vidole. Vidole vya mama vimelainika kwa jembe, havina mistari ya kusomwa. Wakajaribu kidole gumba, wakajaribu vya mkono wa kushoto, wakampaka mafuta, wakamfuta, hapana. Wakamwambia aende ofisi kubwa mjini, na gari la huko linapita mara mbili kwa wiki. Mahindi yanapandwa Novemba. Kuna aliyewahi kupitia hili na mzazi wake? Walimsajilije?