Asubuhi moja Kilwa Kisiwani

Juzi nilivuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani, kisiwa cha pwani ya kusini mwa Tanzania chenye magofu ya mji wa kale, na kwa kuwa maji yalikuwa yamekupwa, tulishuka mbali kidogo na ufuko tukatembea majini, viatu mkononi. Jengo la kwanza kumkabili mgeni ni Gereza, ngome iliyoanzishwa na Wareno mwaka 1505 na kujengwa upya na Waomani, ingawa nakiri kwamba sikukaa hapo sana.

Msikiti Mkuu ndio ulionishika. Sehemu yake ya kaskazini ni ya zamani zaidi, na ule ukumbi mpana wenye matao na kuba uliongezwa baadaye. Nilipoweka kiganja ukutani niliona matumbawe yenye vitundu vidogo kama sega la nyuki, yameshikanishwa kwa chokaa iliyotokana na kuchoma matumbawe hayohayo. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri kutoka Moroko, alifika mjini hapa mwaka 1331, enzi za Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, ambaye kasri lake la Husuni Kubwa, lenye bwawa la pembe nane, lipo ukingoni mwa jabali linalotazama bahari.

UNESCO iliyaingiza magofu haya, pamoja na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara, katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, na kuanzia 2004 hadi 2014 yalihesabiwa kuwa hatarini kwa sababu ya uchakavu na mmomonyoko. Nilipokuwa nikisubiri mashua ya kurudi, mawimbi yalikuwa yameshaanza kupanda tena kuelekea ukuta wa Gereza.