Dawa za oili ya injini: lebo inaahidi nini, chupa inafanya nini

Ukiingia duka la vipuri, iwe Kariakoo, Kirinyaga Road au Kisekka, hukosi rafu ya chupa ndogo zenye ahadi kubwa: uchakavu wa injini utapungua kwa nusu, mafuta yataokolewa, moshi utakoma, nguvu itarudi. Mafundi wengi huziita dawa ya oili tu. Chache zina kazi. Nyingi hazifanyi kile kilichoandikwa kwenye lebo, na baadhi zinaharibu kitu kilichokuwa kizima.

Tuanze na kilichomo ndani ya oili kabla hujaongeza chochote. Oili yenye alama ya API (taasisi ya petroli ya Marekani inayopanga madaraja ya oili), tuseme daraja SN au SP, tayari imetiwa dawa kiwandani. Kwa kawaida asilimia 75 hadi 90 ni mafuta ya msingi. Zinazobaki ni kemikali: sabuni za kalisi au magnesi zinazosafisha na kuvunja asidi, visambazaji vinavyoshika masizi yasigandamane, ZDDP ya zinki na fosforasi inayoacha utando pale chuma kinapokutana na chuma, kizuia povu, kizuia kuoza, na polima zinazoshikilia mnato oili ikipata moto. Kemikali hizi hugombea nafasi kwenye uso ule ule wa chuma. Ukizidisha moja unaweza kuisukuma nyingine pembeni, na ndiyo maana viwanda hupima mchanganyiko mzima ndani ya injini halisi, kwa saa nyingi, kabla ya kupewa kibali cha API. Chupa unayoongeza mwenyewe haina kibali hicho. API hutoa leseni kwa oili kamili, haitoi kwa dawa za kuongeza. Basi lebo ikikuambia "inaafiki API", isome upya kwa makini.

Marekani ahadi hizi zimeshafikishwa mbele ya sheria. Mwaka 1996 FTC, tume ya serikali inayoshughulikia matangazo ya uongo, ilifungua shauri dhidi ya Quaker State iliyokuwa ikimiliki dawa ya oili ya Slick 50. Tangazo lilidai kwamba kila unapowasha gari asubuhi bila dawa hiyo, chuma kinasaga chuma. Tume ilisema injini nyingi zinalindwa vya kutosha wakati wa kuwashwa zikiwa na oili iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, na kwamba si kawaida injini kufa mapema kwa uchakavu huo. Shauri lilimalizika 1997 kwa makubaliano ya kuacha madai hayo na kuwarudishia wateja angalau dola milioni 10. Mwaka 2000 wauzaji wa dawa nyingine, Dura Lube, nao walikubali kulipa dola milioni 2.

Shauri linalofundisha zaidi ni la dawa ya zMax. Lilifunguliwa 2001, likaisha 2003 kwa dola milioni 1. Wauzaji walitangaza mafuta kuokolewa kwa angalau asilimia 10. FTC ikaonyesha kwamba katika vipimo walivyofanyiwa wenyewe mwaka 1997, oili yenye dawa ilisababisha kutu ya beringi zaidi ya mara mbili ya oili isiyo na dawa. Matokeo hayo hayakuingia kwenye tangazo.

Tazama sasa injini yenyewe. Beringi za kranki zikizunguka na presha ya oili ipo, chuma hakigusi chuma. Kranki inaelea juu ya tabaka jembamba la oili, na msuguano uliopo hapo ni wa oili kujisugua yenyewe. Dawa ya "kupaka chuma" haina cha kupunguza mahali hapo. Inaweza kufanya kazi sehemu chache tu: ringi pistoni inapofika juu na kugeuka, na pua za kamshafti zinazosukuma vali. Sehemu hizo ndizo ambazo ZDDP imewekwa kuzilinda tangu oili inatoka kiwandani. Kuhusu unga wa PTFE (Teflon) uliomo kwenye baadhi ya dawa hizi, kwenye kikaangio hushika kwa sababu chuma huandaliwa kwanza, kisha huokwa kwa joto linalopita nyuzi 320. Oili kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini, huwa kati ya nyuzi 90 na 120. Unga huo hauokwi humo. Unaogelea, na ukikusanyika unaishia kwenye filta.

Maonyesho mawili huwavuta watu sana. La kwanza ni gari kumwagwa oili yote na bado likanguruma. Injini isiyobeba mzigo, ikinguruma sailensa tu gari likiwa limesimama, inaweza kukaa muda kwa utando uliobaki hata bila dawa yoyote. Haithibitishi chochote kuhusu gari linalopanda mlima Kitonga limejaza watu. La pili ni ile mashine ya mezani yenye gurudumu na kipande cha chuma kinachokandamizwa kwa mkono wa wenzo. Hapo vimiminika vyenye klorini hushinda vizuri, kwa sababu klorini hujibana na chuma kwenye shinikizo kali la nukta moja. Ndani ya injini, klorini ile ile ikikutana na joto na unyevu hutoa asidi ya hidrokloriki, nayo hula risasi na shaba za beringi. Mashine hiyo inapima shinikizo la nukta moja, na oili ya injini haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Sasa zile zenye kazi.

Dawa nzito, zile zinazochuruzika kama asali, ni polima za kuongeza mnato. Gari la zamani linalogonga na kula oili likipewa hizo, kelele hupungua, presha hupanda kidogo na moshi hupungua. Mabadiliko hayo ni ya kweli, lakini hakuna kilichotengenezwa: umefanya oili kuwa nzito tu, na nafasi iliyolika iko pale pale. Piga hesabu kabla ya kumimina. Injini ya 1NZ-FE, ya Probox, IST na Vitz nyingi, huchukua lita 3.7 pamoja na filta. Kipimo cha asilimia 20 ya hizo ni kama mililita 740. Chupa kubwa ya karibu lita moja ikimwagwa yote, unapita robo ya sampo. Kama chupa hiyo haina sabuni wala visambazaji, umepunguza kinga ya oili kwa robo pia. Na ukiimimina juu ya oili iliyokwishafika alama ya F (imejaa) kwenye kijiti cha kupimia, kranki itaanza kuipiga, povu litaingia kwenye pampu, na taa ya oili inaweza kuwaka huku sampo imejaa. Kwenye injini za VVT-i, ambazo Toyota hubadilisha muda wa vali kwa presha ya oili, oili nzito kupita kiasi huchelewa kufika kwenye vali ya kudhibiti kamshafti, na kodi ya hitilafu P0011 au P0012 ikitokea, wengi hukimbilia kununua sensa. Ukitaka uzito, nunua oili ya uzito unaofuata kwenye jedwali la kitabu cha gari. Utapata mnato na dawa zake zote kwa uwiano uliopimwa.

Dawa za kulainisha sili pia zina ukweli wake. Zina esta zinazofanya raba iliyokauka ivimbe kidogo, na sili ya nyuma ya kranki inayovuja jasho inaweza kutulia. Subiri kilomita mia kadhaa kabla ya kuhukumu. Sili iliyochanika au iliyochimbwa mfereji na shafti haitapona.

Dawa za kuosha injini dakika tano kabla ya kumwaga oili zinahitaji tahadhari zaidi kuliko zote. Injini inayobadilishwa oili kwa wakati haizihitaji. Injini iliyojaa tope ndiyo yenye hatari: tope hubanduka vipande vipande na kuziba chekeche ya pampu, na injini iliyokuja gereji inatembea inaondoka na beringi zimekufa. Fungua kwanza kifuniko cha oili, mulika kwa tochi juu ya kamshafti. Ukiona weusi mnene unaokwanguka kwa bisibisi, usioshe kwa kemikali. Shusha sampo, safisha chekeche kwa mkono, kisha weka oili nzuri na uibadilishe mapema, kila kilomita 1,500 hadi 2,000, mara mbili au tatu.

Wenye pikipiki nawaomba wasome hapa polepole, maana hasara yao ndiyo ya haraka zaidi. Bodaboda nyingi klachi yake imezama kwenye oili ile ile ya injini. Sahani za klachi zinahitaji msuguano ili zishike. Dawa yenye molibdeni au kipunguza msuguano kingine inaondoa kitu ambacho klachi inaishi nacho: unavuta mafuta, injini inapiga kelele, pikipiki haipandi mlima. Tafuta kopo lenye alama ya JASO (kiwango cha Japani) MA au MA2, usiongeze kitu. JASO MB ni ya skuta zenye klachi kavu. Ukishakosea, mwaga oili, weka MA2, tembea kilomita mia chache, mwaga tena. Sahani zikiwa zimeshaungua, badilisha.

Zinki ya kuongeza nayo ina mahali pake: injini za zamani zenye tapeti bapa, kama Land Cruiser yenye injini ya 2F, ambamo pua ya kamshafti husugua badala ya kubingirika. Oili nyepesi za petroli, 5W-30 na wenzake, zimewekewa kikomo cha fosforasi cha sehemu 800 kwa milioni ili kulinda masega ya eksozi, yaani kile kisafisha moshi. Hata hivyo 15W-40 ya dizeli ya daraja la API CI-4 kwa kawaida hupita 1,000, kwa hiyo gari hilo la zamani linapata zinki yake humo bila chupa ya pembeni. Kwenye gari jipya lenye masega, zinki ya ziada inayaua taratibu.

Gari likila oili, kwanza tafuta inakopitia. Chomoa vali ya PCV, ile inayopitisha mvuke wa injini kwenda kwenye manifoldi, itikise: lazima ilie. Puliza kutoka upande wa injini, hewa ipite kwa urahisi. Puliza kutoka upande wa manifoldi, ipite kwa taabu. Kipuri hiki cha bei ndogo kikiganda, injini hunyonya oili mchana kutwa. Moshi wa bluu unaotoka unapowasha baada ya gari kulala, kisha ukakoma, huashiria sili za vali. Unaoendelea ukikaza mwendo ni wa ringi. Pima kompresheni ikiwa kavu, kisha tia oili kama mililita 5 kwenye silinda na upime tena: ikipanda sana, ringi zimechoka, ikibaki hapo hapo, angalia vali. Tofauti kati ya silinda isizidi kilo 1 kwa sentimita mraba.

Injini ya 2AZ-FE, ya Harrier 240 na Ipsum 240, ina ugonjwa wake: ringi ya oili hugandishwa na kaboni. Hapa kemikali inaweza kusaidia, lakini haimwagwi kwenye sampo. Injini ikiwa na vuguvugu, toa koili na plagi zote, zungusha kranki mpaka pistoni zikae karibu katikati, mimina mililita 30 hadi 50 za kisafisha kaboni kwenye kila silinda, acha usiku kucha. Asubuhi chomoa fyuzi ya EFI (mfumo wa kunyunyiza mafuta), funika matundu kwa kitambaa, piga stata mpaka kimiminika chote kitoke, na pasiwe na moto karibu. Ukirudisha plagi kabla ya kukitoa, kimiminika hakibanwi na mkono wa pistoni utapinda. Kisha badilisha oili na filta, kwa sababu sehemu ya kemikali imeshashuka kwenye sampo.

Baada ya hapo jaza mpaka F na uandike kilomita. Toyota Marekani walitumia kipimo cha karibu lita moja kwa kilomita 1,900 kuamua injini ipi ifunguliwe chini ya dhamana waliyoiongeza. Injini ikila oili zaidi ya hapo hata baada ya kuloweka, ifungue. Na ukiifungua nunua pistoni zilizorekebishwa pamoja na ringi zake, usibadilishe ringi peke yake, kwa kuwa kaboni itarudi kuziba matundu ya pistoni za zamani.