Ncha ya Kusini, upepo wote unatoka kaskazini

Saa tisa usiku hapa kwetu ni saa sita usiku kwa saa za Greenwich, na hiyo ni moja ya saa ambazo waangalizi wa hali ya hewa dunia nzima wanapima kwa pamoja. Si kila mmoja kwa saa ya kwao, hapana. Wote kwa mpigo mmoja. Mimi nikitoka na tochi kwenye zamu yangu ya uwanja wa ndege, kuna mwenzangu kituo cha Amundsen-Scott, Ncha ya Kusini, naye anahangaika na zipu ya koti. Namba zake na zangu zinaingia kwenye ramani moja.

Zamu za usiku ni ndefu, ndege chache, kwa hiyo nimejizoesha kusoma ripoti za huko. Tangu hapo baridi ya Julai ya Moshi siilalamikii tena.

Kilichonifurahisha kwanza ni upepo. Sisi huandika upepo unakotoka, kwa nyuzi za dira. Sasa mtu akisimama kwenye ncha yenyewe, popote atakapogeuka anatazama kaskazini. Akiandika "upepo wa kaskazini" hajasema kitu, maana hakuna mwingine. Ikabidi wakubaliane kwamba mstari wa Greenwich uwe ndiyo sufuri yao, na pembe zihesabiwe kuanzia hapo.

Halafu kipimajoto. Zebaki huganda kwenye nyuzi joto 38.8 chini ya sifuri. Kituo cha Vostok, huko huko bara la Antaktika, tarehe 21 Julai 1983, walipima nyuzi 89.2 chini ya sifuri, ambapo zebaki ni chuma kigumu tu, kwa hiyo kwenye baridi ya namna hiyo hutumika spiriti au vipimo vya umeme. Chuoni tulifundishwa kubana pumzi unapofungua kibanda cha vipimajoto, usome desimali kwanza ndipo usome nyuzi kamili, kwa sababu joto la mwili wako linaisogeza ile sehemu ndogo kabla hujamaliza kuandika. Hapa ukipumua unaharibu desimali. Kule pumzi inaganda kwenye kioo na husomi chochote.

Waliopanda Kilimanjaro watashangaa kujua kwamba Ncha ya Kusini iko mita 2,835, juu kidogo tu ya kambi ya Mandara. Vostok, mita 3,488, haifiki hata kambi ya Horombo. Kwa hiyo msisingizie urefu. Jua likizama kule linapotea karibu nusu mwaka, na theluji inaendelea kupoteza joto lake angani bila kurudishiwa. Hewa iliyoegemea theluji inapoa kupita ile ya juu yake, hadi ukipanda mita mia chache unaweza kukuta joto limeongezeka kwa nyuzi 20. Hewa hiyo ya chini ni nzito, ikipata mteremko inashuka. Wapagazi wanaujua upepo wa aina hiyo, ule unaoteremka kutoka Kibo usiku ukipenya kwenye hema. Ila wetu ni mtoto. Pale Cape Denison, pwani ya Antaktika, ambako msafara wa Douglas Mawson ulijenga kibanda mwaka 1912, wastani wa upepo wa mwaka mzima ulikuwa karibu kilomita 70 kwa saa. Narudia, wastani.

Watu hudhani siku hizi setilaiti zimemaliza kazi. Sisi wa ikweta tunapendelewa: zile zilizosimama kilomita 36,000 juu ya ikweta zinatutazama muda wote, na kila robo saa picha mpya ya mawingu ya Afrika Mashariki inaingia. Kutoka hapo ncha zinaonekana kwa pembeni mno. Kule wanategemea setilaiti zinazozunguka kupitia nchani, mzunguko mmoja karibu dakika 100. Na picha ikija, wingu jeupe limelala juu ya barafu nyeupe. Ile picha inayoonyesha joto nayo inadanganya: kwetu wingu refu ni baridi kuliko ardhi, hivyo linajitokeza vizuri, lakini wakati wa majira ya baridi Antaktika wingu linaweza kuwa na joto kuliko ardhi iliyo chini yake. Mtabiri aliyezoea picha za huku atasoma kinyume.

Hata puto tunazorusha kupima anga ya juu zinasumbua. Kwenye giza la miezi ile anga ya juu inakuwa baridi sana, mpira unakakamaa na puto linapasuka mapema. Baadhi ya vituo huyachovya kwenye mafuta kwanza ili yaendelee kutanuka.

Lakini jambo ninalobishana na wenzangu ni vituo vinavyojiendesha. Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison kimekuwa kikivisimamisha Antaktika tangu mwaka 1980, nguzo yenye vipimo, betri na paneli za jua. Bila vyenyewe bara lile lingekuwa tupu kwenye ramani, sikatai. Tatizo ni kwamba theluji hupanda, na nguzo isipoinuliwa, kipimajoto kilichofungwa juu kinajikuta karibu na ardhi, na mwishowe kinafukiwa. Mbaya zaidi ni kipimaupepo. Ukungu wa barafu ukiganda kwenye vikombe vyake, havizunguki, na namba inayotumwa ni sufuri. Shwari ni sufuri. Kuganda nako ni sufuri. Kwenye karatasi vinafanana kabisa, na hakuna mtu wa kutoka nje akahisi upepo usoni.

Mtu mmoja ofisini alinijibu kwamba kituo cha Halley, ambako Waingereza waligundua tundu la ozoni na kulitangaza mwaka 1985, kinaachwa bila watu majira ya baridi tangu 2017 kwa hofu ya nyufa za barafu, na mitambo inapima yenyewe. Kweli, na ni kazi ya kuheshimika. Ila ndege za kwenda kituo cha McMurdo, Antaktika, zinaruka kutoka Christchurch, New Zealand, mwendo wa saa tano hivi kwa ndege kubwa ya jeti, na nyingine zimegeuzia njiani kwa sababu hewa ilibadilika mbele. Rubani wa hapo anataka mtu aliyesimama nje amwambie kama upeo wa macho unaonekana au ardhi na mbingu vimekuwa kitu kimoja. Hata huku anayesimama nje ndiye anayeulizwa: mama mmoja wa mitumba Kiborloni ananiita "dada wa mvua", na ikinyesha kwenye marobota yake nasemwa mpaka Jumapili, ingawa kila siku namweleza kwamba mimi napima, sitabiri.

Mwenzangu wa zamu amechoka na hizi habari. Juzi ameniuliza, "Dada, kwani unataka kuhamishiwa huko?" Nimemwambia nitakwenda Desemba na Januari, jua likiwepo saa zote, na posho iingie kabla sijafunga begi.