Majani matano ya mche mmoja si miche mitano

Wanafunzi wa biolojia, msiishie kwenye wastani. Majani ya sentimita 4, 5, 6, 7 na 8 yana wastani wa 6. Toa 6 kwenye kila kipimo, zidisha kila tofauti kwa yenyewe, jumlisha: 10. Gawanya kwa 4, si 5, maana wastani wenyewe umetokana na data hizohizo. Kipeuo cha pili cha 2.5 ni 1.58, ndio mchepuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi data zinavyotawanyika kuzunguka wastani.

Kinachoharibu ripoti zaidi ni hiki: majani yote yakitoka mche mmoja, idadi ya sampuli ni 1, hata upime majani 200. Yana jeni, udongo na maji yaleyale. Unalinganisha mbolea? Ongeza miche, kisha wastani wa kila mche uhesabu kama kipimo kimoja.